Nani Alikata Kitenge cha Mama Yako

Kabula mwanangu,

Nimekaa kwenye kiti cha cherehani na karatasi nimeiweka juu ya meza yake, palepale ninapopitishia nguo. Ukiona mstari umeyumba, ujue kalamu imeteleza kwenye kitundu kilicho chini ya sindano. Wewe na mama yangu, bibi yako wa hapa, mmekwenda sokoni kununua ndoo na kufuli la sanduku, halafu utapitia kunyolewa. Sasa ni saa nane mchana. Bibi yako wa Lalago yuko kwenye basi, anakuja kukuaga, na akifika hapa kuna jambo lazima nimwambie. Ni jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa miaka minne. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu kwa kalamu huwa siogopi sana.

Najua kwa neno "mwanangu" utacheka. Mimi nina miaka kumi na tisa, wewe kumi na tatu, na rafiki zako wote wananiita dada. Lakini mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, na mimi sikusubiri kuwa mkubwa ndipo nikulee. Baba yako alipokwenda kusini na ng'ombe kutafuta malisho, na mama yako Minza alipoanza kuumwa, mgongo uliobaki nyumbani ulikuwa wangu.

Mambo ya kufua, kuficha kandambili na kutomwachia mtu ndoo, mama ameshakuambia tangu Krismasi na ataendelea kukuambia mpaka gari liondoke. Mimi sitayarudia. Nataka kukuambia nani alikata kitenge cha mama yako.

Sio wewe.

Nimeandika maneno hayo mawili nikainuka, nikaenda mlangoni kuangalia barabarani kama mnarudi. Hakuna mtu. Naendelea.

Kitenge chenyewe umekiona mara chache, kwa hiyo nikueleze. Ni cha bluu iliyoiva, kina ndege wa njano wenye miguu mirefu, na kila ndege amesimama juu ya duara jekundu. Bibi wa Lalago alimpa binti yake Minza siku alipoolewa kuja hapa Bariadi. Kwa watu wa upande wa mama yako, kitenge hicho si cha kujifunga tu. Mama hukitumia kumbeba mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo akiwa msichana kitambaa kinatunzwa. Siku anapotoka nyumbani kwa mara ya kwanza, iwe kwa kuolewa au kwa shule, kinashonwa nguo na anavalishwa na mama yake. Mama asipokuwepo, bibi yake anamvalisha, anamshika mabega na kutaja mbele ya watu kwamba huyu ni mtoto wa nani. Hivyo nguo iliyokuleta ndiyo inayokutoa.

Mama yako alikubebea hicho kwenda shamba la pamba, kliniki na kanisani. Alipoanza kulala mchana, akaniita.

"Wifi, njoo nikufundishe kufunga mbeleko."

Nikaenda. Nilikuwa na miaka kumi. Akakuweka mgongoni kwangu, akazungusha kitenge, akasema, "Fundo liwe juu ya titi, sio chini. Chini atateleza."

Nikamwambia, "Titi lenyewe liko wapi, wifi?"

Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi alale tena. Ulikuwa umeshapita miaka mitatu, mzito, na miguu yako ilikuwa ikinigonga kwenye magoti nikitembea. Watoto wa jirani waliniita mama kobe. Mimi sikujali. Nilikuwa mtoto mwenye aibu, nikiongea na watu watatu sauti inakimbia, lakini wewe ukiwa mgongoni nilijiona nina kazi, na mtu mwenye kazi haulizwi maneno mengi.

Minza alipofariki, bibi wa Lalago alikifua kitenge kwa mikono yake, akakikunja na kukiweka kwenye sanduku la bati la mama. Kila mwaka, watu wakishauza pamba, alikuja kukianika. Unakumbuka? Anakitandaza kwenye kamba, anakaa chini ya kivuli cha nyumba, hataki chai mpaka jua limekipiga pande zote. Alikuwa anakwambia, "Hicho ni chako. Kinakungoja urefuke." Nawe ulikuwa unasimama kando ya kamba unajipima nacho.

Sasa nikuambie nilichofanya.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Kwaya ya vijana ilikuwa inakwenda Maswa kuimba, na mwalimu wa kwaya akasema wasichana wote wavae sketi za kitenge. Wenzangu walianza kuzungumzia vitenge vyao, huyu wa mawimbi, yule wa maua. Msichana mmoja akanigeukia akasema, "Mbuke atavaa sare ya shule, si ndiyo nguo yake ya harusi?" Wakacheka. Nami nikacheka, maana ndivyo ninavyofanya nikiumia. Mwaka ule mvua ilikuwa imeharibu pamba na sikutaka kumwomba mama. Lakini nisijifiche nyuma ya mvua. Ningeweza kuazima. Nilitaka cha kwangu, na nilitaka kizuri kuliko vyao.

Siku ya Alhamisi mama alikuwa shambani, wewe hukuwa umerudi kutoka shule. Nikafungua sanduku. Nilijiambia doti ni ndefu, nitachukua nusu, na itabaki nusu ya kumtosha Kabula. Nilijiambia hata mimi nimekubeba kwa kitenge hicho, kwa hiyo kina sehemu yangu. Mtu akitaka kukosea hakosi maneno.

Cherehani nilikuwa siijui. Nilikuwa nimeona mafundi tu sokoni. Nikakitandaza sakafuni, nikakikunja ncha kwa ncha ili nikate mbele na nyuma kwa mara moja, nikachora kwa chaki ya shule, nikakata. Mkasi wa mama ulikuwa butu, nikawa nausukuma kwa mikono miwili. Nilipomaliza nikainua vipande.

Kipande cha mbele ndege wamesimama. Kipande cha nyuma ndege wote vichwa chini, miguu juu.

Ukikunja kitambaa ncha kwa ncha, upande wa juu unageuka. Kila fundi anajua. Kitambaa chenye ndege unakikunja pindo kwa pindo, au unakata kipande kimoja kimoja. Mimi sikujua, na kitambaa kilichokatwa hakirudi. Nilikaa sakafuni nikageuza kile kipande huku na huku kama vile ndege wangechoka wasimame wenyewe. Sketi imebana kiunoni na kupanuka chini, huwezi kuigeuza. Kisha nikasikia sauti yako barabarani unaimba, nikavikunja vipande ndani ya ile nusu iliyobaki, nikarudisha kila kitu sandukuni, na juu yake nikaweka blanketi.

Kwenye kwaya sikwenda. Nilisema tumbo linauma.

Nilikuwa nimepanga kumwambia mama kabla ya msimu wa kuanika. Nilihesabu ni miezi mitatu. Lakini bibi alikuja Jumamosi ya wiki ile ile, hakuwa ametuma salamu. Alisema aliota Minza anamwomba nguo. Nilikuwa naosha sufuria nje, nikasikia mfuniko wa sanduku unafunguliwa, nikaendelea kusugua sufuria moja ileile.

Yaliyofuata ulikuwepo, lakini ulikuwa na miaka tisa na sijui umeyashika namna gani. Mimi nimeyashika hivi.

Bibi alitoka nje na vipande mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Nani kakata?"

Mama akaviangalia, akashika mdomo. Akaniangalia mimi, halafu akakuangalia wewe. Juzi yake ulikuwa umekata pindo la pazia ukamtengenezea nguo mwanasesere wako wa gunzi, na mama alikuwa amekugombeza.

"Kabula?"

"Mimi?" ukasema.

"Mkasi unaochezea ni wa nani?"

"Mimi nilikata pazia, bibi. Pazia tu."

Wote wakanigeukia mimi. Mama aliuliza, "Mbuke, wewe unajua?"

Sikusema ni wewe. Nataka ujue hilo, halafu ujue kwamba hilo halinisaidii. Nilisema, "Juzi alikuwa anachezea mkasi."

Lilikuwa neno la kweli. Hakuna hata herufi moja ya uongo ndani yake. Na nililitoa kwa sauti ndogo, macho chini, kama ninavyosema kila kitu, na kwa sababu mimi ni Mbuke mpole ambaye hajawahi kumsema mtu, waliniamini mara moja. Watu wanafikiri mtu mwenye aibu hana uongo. Mimi nimejifunza kwamba aibu ni mahali pazuri pa kuuficha.

Mama alichukua fimbo. Bibi akamzuia. "Usimpige. Kilichopigwa ni nguo." Akavitupa vile vipande viwili chini. Akaikunja ile nusu iliyobaki, akaifunga kwenye furushi lake. Kisha akakwambia wewe, mtoto wa miaka tisa, maneno ambayo mimi ndiye niliyestahili: "Siku ukitoka hapa, utatoka na nguo ya dukani kama wengine. Mkono uliokata nguo ya mama yake hauvalishwi nguo hiyo."

Ukaniangalia. Hukulia. Uliniangalia kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga kiatu waondoke pamoja. Nami nikarudi kwenye sufuria.

Jioni ile tulikuwa tunachambua mchele mimi na wewe. Ukaniuliza kitu ambacho mpaka leo nakisikia. "Shangazi, mtu anaweza kukata nguo akiwa amelala?"

Nikakuuliza kwa nini.

"Labda nilikata nikasahau. Maana wewe umesema."

Kabula, hapo palikuwa mimi na wewe tu. Hapakuwa na fimbo wala bibi. Ningeweza kukwambia. Badala yake nilichukua punje mbovu kwenye ungo nikaitupa, nikasema, "Labda."

Neno la kwanza, lile la mkasi, nililisema kwa woga. Hili la pili nililisema kwa sababu nililiona lipo tayari. Ulikuwa umeshanitengenezea njia ya kutokea na mimi nikapita. Kama kuna jambo moja nataka ulichukue kutoka kwenye barua hii ni hilo, sio kama onyo, ni kama kitu nilichokiona kwa macho yangu. Mtu anayekupenda anaweza kukutafutia sababu hata pale ambapo wewe mwenyewe huna. Usiichukue. Utakaa nayo.

Nilikaa nayo. Tangu siku ile hujawahi kushika mkasi. Ukitaka kukata uzi, unakata kwa meno. Ukipewa kazi ya kukata bamia unatumia kisu, lakini mkasi ukiwa mezani unahamia upande wa pili. Ulianza kulala umebana mikono katikati ya mapaja. Mama alidhani ni baridi, akakuongezea shuka. Mimi nilijua ni nini. Ulikuwa unailinda isiende kukata kitu usiku. Na bibi wa Lalago akija, unampigia magoti, unamsalimia "mwadila, bibi," ukimtazama miguu, unaondoka. Naye hajawahi tena kukuletea hata ubuyu.

Kila mwaka nilisema nitasema. Nikajiambia nitasema ukifika darasa la sita. Nikajiambia nisiharibu mtihani wako wa darasa la saba. Ukafaulu, majina yakatoka, ukapangwa shule ya bweni upande wa Maswa, mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja, na wewe ulipotulia ukamuuliza, "Nitavaa nini siku ya kwenda?" Mama akaanza kukusanya vikombe. Ukasema haraka, "Nilikuwa nauliza tu. Sare inatosha."

Wiki ile mama alimpigia simu bibi. Aliweka sauti kubwa, nikasikia. Bibi alisema, "Nitakuja kumuaga, ni mjukuu wangu. Lakini kitenge nitakiacha huku. Mimi sisahau, na Minza hasahau."

Unajua tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nakwenda kwa fundi Kulwa, yule mama mwenye kibaraza karibu na soko. Unadhani nilikwenda kwa sababu nasubiri matokeo na sina la kufanya. Nilikwenda kwa sababu vile vipande viwili ninavyo. Siku ile viliposahaulika chini nilivichukua, nikavitia ndani ya foronya ya mto wangu, na miaka minne nimevilalia.

Mwezi mmoja mzima fundi Kulwa alinipa kufumua tu. Kufumua nguo za watu, mshono kwa mshono, bila kutoboa kitambaa. Nilipochoka aliniambia, "Anayejua kushona tu ni nusu ya fundi. Kaa chini ufumue." Baadaye akanionyesha jinsi ya kukitazama kitenge kabla ya kukigusa. "Hiki kina kichwa na kina miguu, kama mtu. Mtu ungemlaza kichwa chini? Basi."

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea vile vipande. Akavitandaza mezani, akavitazama sana. Akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Hiki kilikatwa na mtu aliyekuwa anaogopa," akasema. "Angalia hapa. Mkasi umesimama, umesimama, umesimama. Nani huyo?"

Nikasema, "Mimi."

Ndiyo mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa jambo hili. Nilishangaa ni fupi kiasi gani. Hakuuliza zaidi. Alisema tu, "Mwenye nguo anajua?" Nikatikisa kichwa. Akasema, "Basi tutaunga nguo. Hayo mengine utaunga mwenyewe."

Nilivikata kwa sketi ndefu ya mwili wangu wa wakati ule, na wewe ni mwembamba, kwa hiyo kitambaa kilitosha kwa gauni. Kipande cha nyuma tulikigeuza ndege wakasimama. Lakini kilipogeuzwa kilikuwa kipana juu na chembamba chini, ikabidi tupunguze juu na kwa mabaki hayo kuongeza vipande viwili chini, kimoja kila upande. Fundi alitaka kuificha mishono kwa urembo. Nikamwambia aiache. Ukipitisha kidole mgongoni utaikuta, mishono miwili ambayo gauni la kawaida halina. Mtu akikuuliza, usiseme ni fasheni.

Leo asubuhi nimelimaliza kwa cherehani hii aliyoniazima fundi. Linaning'inia hapa ukutani chini ya shuka, na ndiyo maana jana nilikufukuza chumbani ukanuna. Lakini gauni peke yake si kitu. Nikikuvalisha kimyakimya, bibi atauliza nguo imetoka wapi, na utavaa kitenge cha mama yako huku kila mtu, na wewe mwenyewe, mkiamini ni mkono wako uliokikata. Itakuwa uongo wangu wa tatu, na huo nitakuwa nimeushona vizuri.

Nasikia mtu anabisha hodi. Ni sauti yake.

*

Nimerudi. Ni saa kumi na dakika chache.

Nilimpokea furushi, nikampigia magoti. "Mwadila, bibi." Akaitikia. Nikampa maji ya kunywa. Akauliza mko wapi, nikamwambia. Akauliza kama utanyolewa kipara au utaachiwa kidogo. Nikamjibu. Nilijiona naanza kufurahia yale maswali madogo, nikajua nikiendelea hivyo mtafika. Nikaenda kulitoa gauni, nikamwekea mapajani.

Alilitambua kabla halijafunguka. Akalishika pindo, akalisogeza karibu na macho, akapitisha vidole mbele, akageuza, akakuta mishono ya mgongoni. Akaipapasa.

"Nani kashona?"

"Mimi, bibi."

"Umejifunza. Mshono umelala vizuri." Akaligeuza tena. "Na nani kakata?"

"Mimi."

"Sikuulizi leo. Nauliza siku ile."

"Siku ile pia, bibi. Ni mimi."

Alikuwa ameinua kikombe cha maji. Alikiweka chini taratibu bila kunywa. Sikusimama kuondoka. Nilitaka sana kusimama. Nikamweleza kwaya, nikamweleza sanduku, nikamweleza neno la mkasi. Sauti ilikimbia mara mbili na mara mbili nikaisubiri irudi.

Halafu akasema, "Miaka minne yule mtoto ananisalimia huku ananitazama miguu. Nikasema, unaona, anajua alichofanya." Akanitazama. "Na wewe ulikuwa umesimama pale pale, unatuona?"

"Ndiyo, bibi."

"Unatuona mimi na yeye?"

"Ndiyo."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga, kwa hasira, kama mtu anayefuta masizi. "Mimi ni mtu mzima nimemhukumu mtoto kwa mkasi aliochezea juzi. Hata kumuuliza mara ya pili sikumuuliza. Hilo ni langu, nitalibeba. Lako sitakubebea. Usifikiri umeshasema kwa kuniambia mimi. Akifika hapa, na mama yako akiwa amekaa, utasema mbele yake, kabla nguo haijamgusa. Ukishindwa, mimi simvalishi."

Nikamwuliza kuhusu ile nusu nyingine.

"Nimeiacha Lalago. Kwa makusudi nimeiacha, na njia nzima nilikuwa najisifu." Akatikisa kichwa. "Likizo aje aichukue mwenyewe. Nitakaa naye, nimsikie anaongea. Sijui hata sauti yake siku hizi ikoje."

Sasa amekaa nje kwenye kigoda, gauni liko mapajani, ameligeuza na anaitazama ile mishono. Hajaniambia amenisamehe. Sikumuuliza, na wewe pia sitakuuliza. Barua hii nitaiweka kwenye sanduku lako chini ya madaftari, uisome ukiwa peke yako, maana leo mbele yao nitasema la mkasi na sijui kama nitafika mpaka kwenye ule ungo wa mchele. Nitajaribu. Nikishindwa, limeandikwa hapo juu: uliniuliza nikajibu "Labda," na jibu lilikuwa hapana. Mtu hakati nguo akiwa amelala. Mikono yako haijawahi kukosea kitu. Ilale popote.

Huko uendako watu watakuona mkimya, maana umejifunza kwangu. Watakusifu kwa hilo. Usikubali sifa hiyo haraka.

Nawaona. Mama yuko mbele na ndoo kichwani, wewe nyuma, kichwa kimenyolewa kipara na kinang'aa kama cha siku ile nilipokufunga mgongoni mara ya kwanza. Unatembea polepole kwa sababu umemwona bibi.

Kwenye pindo la gauni nimeacha uzi mmoja sijaukata. Mkasi nimeuweka mezani, karibu na mahali utakapokaa. Nikishasema yote nitakuomba uukate wewe. Ukiutaka utaushika, ukikataa uzi ubaki, nguo haitaharibika. Bibi atakuvalisha hivyo hivyo.

Nainuka sasa, niwahi kusema kabla hujapiga magoti.

Aliyekata ni mimi,
shangazi yako Mbuke.